Shingo Haina Maigizo

Vijana hupenda kuniambia kwamba mieleka ya televisheni ni maigizo, kwa kuwa mshindi hupangwa mapema. Ni kweli, hupangwa. Lakini shingo haina maigizo.

TJ Wilson, Mkanada wa Calgary aliyepigana kwa jina la Tyson Kidd, alifunzwa na ukoo mashuhuri wa Hart. Februari 2015, yeye na Cesaro walitwaa ubingwa wa WWE wa wanamieleka wawili wawili. Juni mwaka huohuo, akiwa na miaka 34, aliumia vibaya shingo ulingoni. Mwenyewe alisema kwamba ni watu 5 tu katika 100 wanaonusurika jeraha la namna hiyo.

Hakurudi kupigana katika WWE. Mwaka 2017 akawa mtayarishaji: mtu anayeketi na wanamieleka kabla ya pambano, akapanga nao hatua kwa hatua, kisha akalifuatilia kwenye skrini nyuma ya pazia, akihesabu dakika. Amejulikana hasa kwa mapambano ya wanawake.

Nami nimejiuliza: ningenyang'anywa leo kazi niipendayo, je, ningeweza kukaa mlangoni pake na kuwaandaa wengine waifanye, pasipo kijicho? Umati humshangilia mwenye mkanda. Nani amshangilie yule aliyehakikisha kwamba wote wawili, mshindi na mshindwa, wanatoka ulingoni kwa miguu yao wenyewe?