Lisemwalo Lipo

Ipo methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili hufika siku akaiandika ubaoni: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi niliiandika asubuhi moja ya mwaka 2022, katika shule moja ya sekondari hapa Kampala, mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili. Nikaieleza kama nilivyoelezwa chuoni nilipokuwa nikisomea stashahada yangu ya ualimu, yaani kwamba uvumi hauzuki hivi hivi, na kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Nilipomaliza, msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyosha mkono. Akasimama, akasema kwa Kiswahili cha kupimapima, neno baada ya neno, kama mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe: "Mwalimu, samahani. Albamu ya Sauti Sol inasemwa. Ipo, au yaja?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimelifundisha darasa lile kwa miezi kadhaa, na maswali yote niliyokuwa nimeulizwa kwa Kiswahili yalikuwa ya kuomba ruhusa ya kutoka nje au ya kutaka kujua kama zoezi litasahihishwa. Hili lilikuwa swali la kwanza ambalo mwulizaji alikuwa na haja ya kweli na jibu lake.

Kwa faida ya wenzangu ambao masikio yao yamebaki katika muziki wa zamani, Sauti Sol ni kundi la vijana wanne wa Nairobi lililoanza mwaka 2005: Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano, Savara Mudigi, na Polycarp Otieno mpiga gitaa. Kufikia mwaka 2020 walikuwa wametoa albamu tano. Ya tano, Midnight Train, ilitoka Juni mwaka huo, wakati shule zetu zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Msomaji atakumbuka kwamba zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wangu wale ndio waliokuwa wa kwanza kuingia katika mtaala mpya wa sekondari, uliofanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Walikisoma kwa majuma machache, wakarudishwa nyumbani. Katika kipindi kile kirefu Kiswahili chao, kwa wengi, kilikuwa kile kilichotoka katika redio na simu za kaka zao. Basi waliporudi darasani walirudi na nyimbo, na pamoja na nyimbo walirudi na hoja: albamu ya sita itatoka lini, na itakuwa ya namna gani?

Nikafunga kitabu cha methali, nikawaacha waseme. Mmoja alishikilia kwamba itatoka ghafla bila matangazo, kwa kuwa mwaka 2015 albamu yao ya tatu, Live and Die in Afrika, iliwekwa mtandaoni watu waipakue bila malipo kwa muda mfupi. Mwingine akasema haitatoka kabisa, maana tangu mwaka 2021 kila mwimbaji alikuwa ameanza kushughulikia nyimbo zake mwenyewe, na wapishi wanne hawawezi kutumia chungu kimoja huku kila mmoja amewasha jiko lake. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba safari hii watamwalika mwimbaji wa Uganda. Wa nne alilalamika kwamba katika Midnight Train majina mengi ya nyimbo yalikuwa ya Kiingereza, akaomba, kana kwamba mimi ni wakala wao, kwamba ijayo iwe ya Kiswahili ili aelewe nusu yake walau.

Kosa lao wote lilikuwa moja. Kila jambo walilisema kwa -ta-. Itatoka, watakuja, watamwalika, kana kwamba kila mmoja alikuwa ameketi studio na wanamuziki. Ndipo nilipoona somo langu limejileta lenyewe. Nikachora ngazi ubaoni. Juu kabisa nikaandika "itatoka". Chini yake "bila shaka itatoka", ambayo, kwa ajabu ya lugha, haina nguvu kama ile isiyotaja shaka hata kidogo. Kisha "yamkini itatoka". Kisha "huenda ikatoka". Na chini kabisa "ingetoka", kwa yule aliyekwisha kukata tamaa lakini bado anasikiliza. Kando yake nikachora ngazi ya pili, ya habari zinakotoka: nimesoma, nimeambiwa, nasikia, inasemekana. Nikaweka sheria kwamba katika darasa langu hakuna mtu atakayesema jambo juu ya albamu ile bila kuonyesha amesimama kidato gani cha ngazi zote mbili.

Wenzangu, sijapata kufundisha somo lililopendwa vile. Kwa muda wa juma zima walisahihishana wenyewe. "Inasemekana na nani?" mmoja aliuliza, na aliyesema akalazimika kukiri kwamba aliyesema ni binamu yake. Tukapata hata ubishi wa upatanisho. Kijana mmoja aligundua kwamba katika "Sura Yako", wimbo wao wa mwaka 2014, kivumishi kimefuata umbo la mtu, ilhali sura ni nomino ya ngeli ya i-zi. Akatangaza kwamba waimbaji wamekosea. Mwenzake akawatetea kwamba mwimbaji hazungumzi na sura, anazungumza na msichana mwenyewe. Niliwaambia kwamba katika mazungumzo ya Nairobi upatanisho wa namna hii hulegea, nao wimbo una haki ya kufuata mazungumzo. Bali katika karatasi ya mtihani haulegei. Sidhani kama kuna aliyelisahau jambo hilo.

Mwalimu mwenzangu mmoja hakupendezwa. Alinionya kwamba nawalisha watoto Kisheng' kabla hawajaota meno ya Kiswahili sanifu. Hofu yake naielewa, na siidharau. Lakini mimi nilikuwa na siri ambayo sikuwa nimemwambia: hata mimi nilikipata Kiswahili kwa njia hiyo hiyo.

Nilikulia Natete, katika nyumba ambamo Kiswahili hakikutamkwa. Mama yangu alikuwa msichana katika siku za Idi Amin, baina ya 1971 na 1979. Maneno ya Kiswahili aliyoyajua hayakuzidi kumi, na yote yalikuwa amri: simama, lala chini, fungua, toa pesa. Aliyasikia vizuizini na mlangoni usiku. Nilipokuwa mtoto, kama jirani akisalimu kwa Kiswahili, mama aliingia ndani. Vitabu vinatuambia kwamba mwaka 1973 serikali ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mama hakuwa na habari na tangazo hilo. Yeye alikuwa na habari na bunduki iliyokisema.

Mimi kilinifikia kwa mlango mwingine. Katika miaka ya tisini nilikuwa kijana mwenye wazimu wa muziki wa Kongo. Mwaka 1997 bendi ya Wenge Musica iligawanyika, JB Mpiana upande mmoja na Werrason upande wa pili, na sisi vijana wa Kampala tukagawanyika nao kana kwamba tumerithishwa ugomvi. Kanda zilikawia kutufikia, na katika kukawia huko uvumi ulistawi. Wenye habari walikuwa wafanyabiashara wa Kikongo waliokuja kununua bidhaa katika uchochoro wa Kikuubo. Luganda hawakukijua, Kiingereza hawakukijua, na Kifaransa chao mimi sikukijua. Walijua Kiswahili cha kwao mashariki ya Kongo. Basi ikanilazimu nijifunze kuuliza: kanda mpya inatoka lini? Nani amebaki na nani? Umeisikia wewe mwenyewe, au umeambiwa? Mwaka 1998 zilipofika Titanic ya upande mmoja na Force d'intervention rapide ya upande wa pili, nilikuwa nimekwisha kupata lugha bila kujua. Nilimficha mama. Siku aliyogundua kwamba naenda chuoni kusomea ualimu wa Kiswahili, hakunena nami siku mbili.

Turejee darasani. Katika furaha yangu niliwaahidi wanafunzi wale jambo: siku albamu itakapotoka, tutaisikiliza pamoja darasani, kisha kila mmoja ataandika uhakiki wake. Nilitumia -ta-, bila kuangalia ngazi zangu mwenyewe.

Mwaka 2023 wakaingia kidato cha tatu, ambako Kiswahili si lazima tena. Wengi waliniaga. Waliobaki walikuwa wachache, na miongoni mwao alikuwa msichana yule wa dawati la nyuma. Baba yake alitaka achague somo jingine lenye kazi mbele yake; yeye akashindana naye nyumbani mpaka akashinda. Mei mwaka huo kundi la Sauti Sol lilitangaza kwamba litapumzika kwa muda usiojulikana. Msichana yule alinijia nje ya chumba cha walimu, akaniambia bila salamu, jambo ambalo si desturi yake: "Mwalimu, haikuwapo wala haiji."

Nilimjibu kwamba methali haikutaja tarehe. Lilikuwa jibu la mtu mwerevu asiye na la kusema, naye alilipokea kwa adabu, akaondoka. Jioni ile, nikiwa ndani ya teksi katika msongamano wa Barabara ya Natete, aibu ilinipata. Alikuwa amebishana na mzazi wake kwa ajili ya somo langu, na mimi nilikuwa nimemvuta kwa chambo ambacho hakikuwa mikononi mwangu.

Kisha nikawaza juu yetu sisi walimu. Mwaka 1973 tulitangaziwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoagiza kwa sheria. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri likakubali liundwe Baraza la Kiswahili la Taifa. Julai 2022, katika siku zile zile wanafunzi wangu walipokuwa wakigombania albamu, Baraza la Mawaziri likaafiki kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kila tangazo lilipotoka tulipigiana simu, tukaulizana vitabu vitakuja lini na walimu wataajiriwa wangapi, na kila mmoja alikuwa na binamu aliyesikia jambo wizarani. Sisi pia ni mashabiki. Tofauti ni kwamba shabiki wa muziki hana la kufanya ila kungoja, na sisi tunayo darasa mbele yetu kila asubuhi.

Somo lililofuata niliwaomba radhi kwa ahadi yangu. Nikafuta ngazi ya zamani nikaandika kiambishi ambacho nilikuwa nimekiweka akiba mpaka muhula wa tatu: -ngali-. Nikawaambia waandike barua kwa kundi lile, juu ya albamu ambayo wangaliitoa. Wakaandika kimya kwa saa nzima. Msichana yule aliandika kurasa tatu. Aliipa albamu ile jina, akazipa nyimbo zake kumi majina ya Kiswahili, akamalizia hivi: wangaliitoa, baba yake angaliisikia ikipigwa nyumbani, naye angalielewa kwa nini alibisha.

Daftari zile nilizisahihisha nyumbani kwa mama, ambako huenda kila Jumamosi. Nina tabia ya kusoma kwa sauti, na siku hiyo nilijisahau. Mama alikuwa akimenya matoke. Akaniuliza kwa Luganda, "Huyo mtoto anaomba nini?" Nikamwambia, "Anaomba nyimbo, mama." Akaacha kumenya. "Kwa lugha hiyo?" "Kwa lugha hii hii." Alitazama kisu chake kwa muda, kisha akaniambia nisome tena, polepole. Nikasoma kurasa zote tatu. Hakuelewa hata sentensi moja kamili, wala hakuingia ndani.

Novemba 2023 Sauti Sol waliaga mashabiki wao katika tamasha la Sol Fest huko Nairobi. Wanafunzi wale walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024, na mpaka walipoketi katika chumba cha mtihani albamu mpya ya kundi zima haikuwa imetoka. Msichana yule alikuwa miongoni mwa waliofanya karatasi ya Kiswahili. Hapa Kampala, Afrigo ya mzee Moses Matovu, iliyoanza mwaka 1975, ilitimiza miaka hamsini mwaka 2025. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wa sasa kwamba si kila kundi hutawanyika, nao hunitazama kwa huruma.

Ndugu walimu, sina nadharia mpya ya kuwaletea. Nawasihi tu msikilize kile ambacho wanafunzi wenu wanakingoja kwa hamu, kiwe mpira, kiwe filamu, kiwe bei ya simu, kisha muwape Kiswahili cha kukingojea. Mwanzoni mwa mwaka huu niliiandika tena methali ile ubaoni. Nilipokwisha kuieleza kama nilivyofundishwa, nikaongeza chini yake, kwa chaki ya rangi nyingine, swali la yule msichana: Ipo, au yaja? Mikono ikaanza kunyoshwa.