Si Hesabu Iliyonizuia

Akina mama wenzangu, wengi hudhani kwamba mwanamke hafiki mbali katika fani ya uchumi kwa sababu hesabu ni ngumu. Mimi ni mchumi, mke, na mama wa watoto watatu. Nawaambieni kweli, hesabu haikunizuia. Kilichonizuia ni swali moja: “Nani atamlea mtoto?”

Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi minane nilipopendekezwa kwenda ng’ambo kusomea shahada ya uzamili. Mkuu wangu wa kazi aliniita akaniuliza swali hilo. Kabla sijazungumza na mume wangu, nafasi akapewa kaka mmoja tuliyefanya naye kazi. Naye alikuwa na mtoto mchanga, mdogo kuliko wangu! Hakuna aliyemwuliza lolote.

Katika nchi zetu shida hii ni kubwa, kwani masomo ya juu ya uchumi mara nyingi hufuatwa mbali na nyumbani, na miaka ya kuyatafuta ndiyo hiyo hiyo ya kuzaa na kunyonyesha. Mwanamume humwacha mkewe na watoto, akasoma kwa utulivu. Je, mwanamke amwachie nani?

Si kwetu tu. Claudia Goldin, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya tofauti ya mapato kati ya mume na mke hutokea baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza. Tangu tuzo hiyo ianze kutolewa mwaka 1969, yeye alikuwa mwanamke wa tatu tu kuipata.

Pengine utasema, “Mimi si mchumi, yananihusu nini?” Yanakuhusu sana. Wachumi ndio wanaokadiria pato la taifa. Ukimlipa msichana wa kazi apike na kulea, ujira wake huhesabiwa humo. Ukifanya mwenyewe kazi ile ile, haihesabiwi. Wanaojua uzito wa kazi hiyo wasipokuwepo wakati mipango inapopangwa, nani atawasemea akina mama?

Hata hivyo, njia ipo. Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, mama wa watoto wanne, aliwahi kuwa Waziri wa Fedha mara mbili, na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Shirika la Biashara Duniani.

Mimi nami nilipata nafasi nyingine baada ya miaka miwili. Safari hii mama mkwe alikuja mwenyewe na sanduku lake, akasema, “Nenda mwanangu, hawa ni wajukuu zangu.” Mume wangu akajifunza kukoroga uji. Nilisoma, nikarudi, na watoto walikuwa wazima.

Basi tuwasaidie wake za wana wetu na wadogo zetu wanapopata nafasi kama hizo. Na binti akishika daftari la hesabu jioni, vyombo na vioshwe na kaka yake.