Ushahidi wa Mnyama

Binadamu hupenda kuyasoma majaliwa yake katika mwili wa kiumbe mwingine. Katika Usukuma mfumu hupasua kifaranga akatazama ndani yake kwa ajili ya mtu aliyemletea. Nairobi mtaalamu hupasua mbuzi akatazama mishipa yake kwa ajili ya wagonjwa asiowajua. Njia zao si moja, lakini swali ni moja: mnyama aweza kumshuhudia mtu kwa kiasi gani?

Swali hilo lilimkabili kijana mmoja wa Lagangabilili, mwanafunzi wa utabibu, alipokwenda nyumbani likizo. Baba yake, mfugaji, alikuwa amepigwa picha ya tumbo, ikaonekana aneurizimu: aota, ateri kuu itokayo moyoni, ilikuwa imetuna chini ya figo hata upana wake ukafika sentimita 4. Mtuno wa namna hii kwa kawaida hauumi. Hukua kimya, na ukipasuka huua upesi. Tabibu aliagiza upimwe mara kwa mara, maana kwa mwanamume upasuaji aghalabu hungojea sentimita 5.5.

“Hakuna dawa ya kuuzuia usikue?” mzee aliuliza.

Kijana akaeleza. Mgonjwa aliye hai hawezi kukatwa ukuta wa mshipa ili utazamwe. Kwa hiyo wanyama huchukua mahali pake. Mwaka 1954, huko Marekani, German na Black walishona vifuko vya vena katika ateri za shingo za mbwa. Baadaye panya walitiwa katika aota kimeng’enya kiharibucho nyuzi zinazonyumbuka, mshipa ukatuna kwa siku chache. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ilipunguza mtuno wa panya hao, na matumaini yakawa makubwa. Lakini jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2020, kwa wagonjwa zaidi ya 250 waliofuatwa miaka 2, lilionyesha kuwa dawa hiyo haikuupunguza ukuaji wa mtuno.

“Basi panya walisema uongo.”

“Hawakusema uongo, Baba. Walijibu walichoulizwa. Mtuno wao ulifanywa kwa mkono wa mtu katika siku chache; wako umejengwa na miaka mingi.”

Kwa sababu hiyo kijana aliistahi kazi ya Julius Ogeng’o na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotolewa karibu na mwaka 2010. Wao walianza kwa kumjua mbuzi kabla ya kumfanya shahidi. Waliona kwamba ukuta wa aota yake haufanani kila mahali: kifuani, kati ya tabaka zinazonyumbuka, mna visiwa vya misuli. Anayejua shahidi wake amefanana na mtu wapi, na ametofautiana naye wapi, hatadanganyika upesi.

“Na mimi nishike ushahidi gani?” mzee akauliza.

“Ule uliotoka kwa watu wenyewe, Baba: tumbaku huuleta mtuno huu, tena huuharakisha.”

Mzee aliwatazama mbuzi wake wakiingia zizini. Akakung’uta jivu la kiko chake, wala hakukijaza tena jioni ile.