Pamba ya Mtumbwi

Ukiiacha lami ya Mwanza–Musoma pale Kalemela na kushika njia ya vumbi inayoshuka ziwani, unapita kwanza kwenye mashamba ya pamba. Ni Septemba. Miti ya pamba imeshang'olewa na kuchomwa, na majivu yake yamebaki mabaka meusi juu ya udongo uliopasuka. Ng'ombe wanahangaika na mabua ya mtama. Kisha harufu ya dagaa wakavu inakufikia, kabla hujaona hata tone la maji.

Simiyu hujulikana kwa pamba na ng'ombe. Kati ya wilaya zake zote ni Busega tu, iliyomegwa kutoka Magu mwaka 2012, inayoligusa Ziwa Victoria, na ndiyo maana Mtanzania wa mbali hashangai kusikia habari za robota na mnada kutoka huku, ila hushangaa akisikia habari za tanga.

Mwaloni palikuwa kimya. Mwezi ulikuwa mpevu, na dagaa hawafuati taa usiku wenye mwezi, hivyo mitumbwi mikubwa ilikuwa imevutwa nchi kavu, nyavu zimeanikwa. Pembeni, chini ya mti mmoja, palilala mtumbwi mdogo wa tanga juu ya magogo matatu. Niliupima kwa miguu: hatua tisa kutoka omo hadi tezi. Nilisimama katikati yake nikanyoosha mikono, vidole vikagusa kingo zote mbili. Rangi ya samawati ilikuwa imebambuka, na chini yake ikaonekana ya kijani, na chini ya kijani nyekundu.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu fundi.

"Mwangaluka. Karibu, mgeni. Angalia miguu, kuna misumari."

Alikuwa mzee mwembamba, tezo begani, kaptula imekakamaa kwa lami. Nilimuuliza umri wa mtumbwi. Akamnyooshea kidole kijana aliyekuwa akikwangua rangi. "Huyu mjukuu wangu hajazaliwa. Mama yake alikuwa bado msichana." Mbao za chini, alisema, ni mvule ule wa zamani. Za juu zimeshabadilishwa mara mbili. Asubuhi ile walikuwa wameng'oa ubao mmoja uliooza, nao ulikuwa chini pale, mweusi na laini. Nilipouminya kwa kidole ulibonyea kama mkate uliolowa, ukatoa harufu ya tope na samaki. Ubao mpya ulikuwa umeshapigiliwa mahali pake, mweupe mno kati ya wenzake wazee.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuziba, na hapo ndipo nilipokaa nisiondoke.

Mama mmoja alikuwa amekaa mkekani na kiroba cha pamba, akitoa mbegu moja moja kwa vidole. Ilikuwa pamba fifi, ile yenye madoa ambayo mnunuzi huitazama mara moja na kuisukuma pembeni. Nikauliza imetoka wapi. "Hapo ulipopita," akasema. Fundi aliichukua ikiwa safi, akaiviringisha juu ya paja hadi ikawa uzi mnene kama kidole cha mtoto, akaupaka mafuta mazito, akaulaza kwenye mshono kati ya mbao mbili. Halafu patasi butu na nyundo. Ta, ta, ta. Pamba iliingia polepole, na mlio ukabadilika: mwanzo mwepesi kama wa kugonga debe tupu, baadaye mzito, mfupi. Mzee aliinamisha sikio. Hakuwa akitazama mshono hata kidogo. Mlio ulipozama, alisogea kiasi cha shubiri moja na kuanza tena. Kijana alifuata nyuma, akipigilia utepe mwembamba wa bati juu ya mshono ulioshiba.

Nikiitazama mikono yao nilimkumbuka mpelelezi Stanley. Tarehe 8 Machi 1875 aliondoka Kageyi, magharibi ya hapa, na mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani kutoka Bagamoyo, akafuata ufuko huuhuu wa Ghuba ya Speke kuelekea mashariki. Alilizunguka ziwa zima kwa siku 57. Vitabu vinamtaja nahodha. Mikono iliyoibeba mashua hadi majini na kuiunganisha tena hutajwa kwa haraka sana, na mimi nilitamani kuijua mikono ile kuliko safari yenyewe.

Tanga lilikuwa limetandazwa juu ya majabali, limeshonwa kwa viroba vya sandarusi, maandishi ya sukari na unga yakisomeka kichwa chini. Zamani, alisema mzee, lilikuwa la amerikani, na likilowa lilikuwa zito kuwashinda watu wawili. Alfajiri upepo wa nchi kavu husukuma mtumbwi nje, mchana upepo wa ziwa huurudisha. "Petroli unanunua," alisema. "Huu unakuja wenyewe."

Jua lilipoanza kulala upande wa Mwanza, walifanya jambo ambalo sikulitegemea. Wanawake na watoto walijipanga na ndoo, wakachota maji ziwani na kuyamimina ndani ya mtumbwi, ungali juu ya magogo. Ndoo juu ya ndoo, hadi maji yakafika nusu. Kijana akalala chali chini yake, kipande cha mkaa mkononi.

"Hapa," akaita, akachora alama. "Na hapa, babu. Na hapa."

Alama zilifika kumi na moja. Mzee hakugusa nyundo. "Acha mbao zinywe," alisema, akakaa juu ya gogo.

Tulingoja. Mbao zilivimba taratibu. Matone yaliyokuwa yakifuatana yakaanza kuachana, moja baada ya jingine yakakoma. Giza lilipoingia yalikuwa yamebaki mawili, na kijana bado alikuwa chini ya mtumbwi, uso umelowa, akiyahesabu kwa sauti.