Kona ya Upande wa Stendi

Mara ya kwanza kukimbia mita 1,500 katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ilikuwa 1986, na nilikimbia pekupeku. Tuliteremka kwa miguu kutoka Ilboru alfajiri, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika mawingu. Tulipofika tulimkuta mwalimu wetu wa michezo ameshatangulia, anachora mistari. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya udongo. Alikuwa na kopo la maziwa alilolitoboa matundu kwa msumari, amelijaza chokaa, analitikisa taratibu huku akiifuata kamba iliyolazwa chini, na viatu vyake vimekuwa vyeupe hadi vifundoni.

Darasani alitufundisha Kiswahili. Ndiyo maana hakutuacha tupite langoni bila kutueleza kuwa mwenye jina la uwanja ule alikuwa mshairi, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akawa waziri wa Mwalimu Nyerere, akafariki 1964. "Wanangu, hata hatua zina mizani," alisema. "Ukiivunja, pumzi inakata." Kisha akatusimulia habari za Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya umbali huohuo kule Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe.

Kilichonishinda siku ile ni kona ya upande wa stendi. Miguu na mvua za miaka mingi vilikuwa vimeila njia ya ndani ikawa kama mfereji, na maji yalituama humo. Waliouzoea uwanja waliikwepa kwa kuhamia njia ya pili. Mimi nilitumbukia, nikateleza, nikamaliza wa saba.

Miaka ikaenda. Uwanja ukawa wa mpira zaidi, wa timu za AFC na baadaye JKT Oljoro, wa mikutano na matamasha. Wakimbiaji wakabaki na barabara: Ngaramtoni, Kisongo, njia za vumbi za mlimani, kwenye hewa nyepesi inayojenga pumzi. Mlima haujawahi kutunyima wakimbiaji. Tulichokosa ni pa kuwafundishia kasi, maana kasi hufundishwa mahali palipo sawa.

Mwaka 2016 nilipita pale jioni, nikamwona binti mmoja mwenye sare ya shule akizunguka peke yake. Alipoikaribia kona ile alihamia njia ya pili bila hata kutazama chini.

Sasa kule Olmoti unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nimekwenda kuutazama, na nimefurahi kwelikweli. Lakini kila ninapousikia ukisifiwa, sifa ni za viti. Mimi naomba jiji hili liwafikirie pia wanaokimbia, liwape njia ya kisasa ya kukimbilia, isiyotuamisha maji.

Septemba 2025 Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi yake hapahapa Arusha, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha iamue, tofauti ikawa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Walipoondoka nilimkumbuka yule binti, na hatua alizozipoteza kila alipoizunguka ile kona.