Bunduki ya Mchezo na Mpaka wa Fundi

Ufundi una mitihani miwili. Wa kwanza ni kuijua ila ya chombo. Wa pili ni kuujua mpaka ambao chombo kisivushwe kikisha tengenea. Aghalabu watu humsifu fundi kwa ule wa kwanza, na wachache humwuliza habari za wa pili. Walakini huo wa pili ndio mgumu, na hata bunduki ya kuchezea mtoto yaweza kuushuhudia.

Siku za Idi watoto wa Unguja hupewa mkono wa Idi, na baadhi yao hununua bunduki za plastiki zirushazo goroli ndogo zenye kipenyo cha milimita 6. Sikukuu ikipita, nyingine huwa zimekwisha nyamaza. Barazani kwa fundi mmoja wa Jang'ombe, atengenezaye redio na cherehani, huletwa hizo pia.

Fundi huyo halegezi skurubu hata moja kabla ya kutoa goroli zote na kuuelekeza mtutu ukutani. Kisha hujiuliza: nguvu imepotelea wapi? Ndani ya bunduki ya namna hii hamna baruti. Mkono huivuta pistoni nyuma na kuibana springi. Jino dogo huishika pistoni. Kifyatulio kikivutwa, jino huachia, springi hutanuka, pistoni husukuma upepo katika silinda, na upepo huitoa goroli mtutuni. Safari hiyo ina vituo, na ila hukaa katika kimojawapo.

Pistoni isiposhikwa, jino huenda limelika. Ikishikwa na kuachia kwa kishindo, lakini goroli ikaanguka miguuni, upepo unavuja. Hapo fundi huiondoa springi, huirudisha pistoni ndani ya silinda, huziba tundu la mbele kwa kidole, na kusukuma. Pistoni ikigoma, silinda ni nzima, na ila itafutwe mbele, katika mpira unaoishika goroli au ndani ya mtutu. Ikiteleza bila ubishi, pete ya mpira iliyo kichwani mwa pistoni yafaa itazamwe: pengine imekauka, imekatika, au imelika kwa mchanga. Mchanga hupanguswa, pete hubadilishwa, na grisi ya silikoni hupakwa kidogo, maana mafuta mengine huvimbisha mpira. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe hapa ni mwembamba kama unywele.

Baada ya hayo huja mtihani wa pili. Mtoto mmoja, alipoiona bunduki yake imepona, alisema, "Ami, nitilie springi kali zaidi, ipige mbali."

Springi ya namna hiyo ilikuwamo koponi. Fundi akajibu, "Mwanangu, springi ninayo, jicho la kumrudishia mwenzio sina."

Jawabu hilo lina hesabu ndani yake. Nishati ya goroli hukua kwa mraba wa mwendo wake: mwendo ukiwa mara 2, nishati huwa mara 4. Goroli ya gramu 0.2 iendayo mita 100 kwa sekunde hubeba jouli 1. Japani, ambako bunduki hizi zilianza katika miaka ya 1970, sheria ya mwaka 2006 iliziwekea mpaka chini kidogo ya jouli 1. Fundi wa barazani hana chombo cha kupimia mwendo huo. Kipimo chake ni lile jino la plastiki, lililoumbwa kwa springi yake wala si kwa nyingine. Springi kali hulivunja jino kwanza, au huumiza mtu kabla ya kulivunja.

Mtoto alilipa akaondoka, uso umemnuna. Huenda akaipata springi hiyo kwa fundi mwingine, na fedha yake ikafuata huko. Fundi alilijua hilo alipokuwa akilifunika kopo lake.