Tisa Desemba Valley Arcade

Yeyote aliyewahi kuingia Nairobi Ijumaa jioni wakati wa mvua atakubaliana nami kwamba mji ule haumkaribishi mgeni bali humjaribu kwanza. Nilishuka Accra Road yapata saa kumi, nikitokea Arusha kwa basi, begi begani na kilo tano za mchele wa Mbeya mkononi. Ilikuwa Desemba 9, 2022, na nilikuwa nimealikwa na rafiki niliyesoma naye Morogoro, ambaye siku hizi ni mhasibu katika jiji hilo, nikale naye sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika.

Msomaji atauliza, Uhuru wa Tanganyika usherehekewe Nairobi kwa sababu gani? Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Kule nyumbani mwaka huo hata gwaride halikuwapo. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amefuta sherehe na kuagiza shilingi milioni 960 zilizotengwa zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kumbe wenzetu walio ng'ambo ya Namanga walikuwa wamekwisha kununua nyama.

Tom Mboya Street ilijaa wauza miavuli, soksi na fulana za Brazil na Argentina, maana ndiyo siku ya robo fainali za Kombe la Dunia kule Qatar. Makanga wa matatu namba 46 alikuwa akiita, "Soo! Soo Kawangware!" Nikasimama nikijiuliza soo ni mdudu gani. Ni shilingi mia moja. Mama mmoja aliniambia kwamba asubuhi alikuwa amelipa hamsini, lakini mvua ikinyesha nauli hupanda, na hilo halina mjadala.

Ukishapita Uhuru Park na kupanda Valley Road, unaona miti mikubwa, kuta ndefu na walinzi malangoni. Huko Hurlingham na Kilimani maghorofa yanasimama mahali palipokuwa na nyumba za bustani. Matatu hiyo hiyo huendelea hadi Kawangware, wanakolala wengi wanaofua na kulinda katika nyumba hizo. Niliposema, "Samahani ndugu, naomba kushuka Valley Arcade," gari zima liligeuka. "Huyo ni wa TZ," akasema kijana mmoja, bila ubaya. Makanga alinishikia mlango kana kwamba mimi ni waziri.

Nyumba ya rafiki yangu iko ghorofa ya tatu. Tulikuwa watu wapatao thelathini: wahasibu, walimu, wanafunzi wa chuo, mama mmoja muuza vitenge, na majirani Wakenya waliovutwa na harufu ya pilau. Palikuwa na ndizi nyama, mchicha wa nazi na dagaa, ambao majirani walituambia ni omena, nasi tukakataa. Hotuba ya mwenyekiti iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya televisheni. Croatia walipoitoa Brazil kwa penalti, mwenyekiti mwenyewe, aliyevaa fulana ya njano, alisema hana tena la kusema.

Tukaimba wimbo wa taifa. Watoto waliozaliwa Nairobi waliuanza vizuri, lakini kwenye ubeti wa pili wakabaki wakivumisha puani na kuangalia viatu vyao. Mama zao walijifanya hawakuona. Mimi niliona, na nadhani kila mtu aliona.

Muziki ulipowekwa, wa kwanza ulikuwa "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Jirani mmoja Mkenya akaruka kwa furaha akisema huo ni wimbo wao. Wetu wakapinga. Mabishano yakawa makali hadi mzee mmoja aliyekuwa kimya kwenye roshani akaingia na fimbo yake. "Vijana wale walitoka Tanga," akasema, "na muziki waliupigia hapa Nairobi. Hata mimi nilitoka huko. Wao walikuja na gitaa, mimi nilikuja na spana."

Nikamwendea. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Ulipita Korogwe?" Nikamwambia nilipita, kwani kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha ndiyo njia. Akataka kujua kama mvua ilikuwa imenyesha, na kama machungwa yameiva.

Alihamishiwa Nairobi mwaka 1968, fundi wa injini katika karakana ya Reli ya Afrika Mashariki. Wakati huo ilikuwa shirika moja la nchi tatu, na makao yake makuu yalikuwa hapo Nairobi. Akaoa Machakos. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya yenyewe ilikuwa imekufa. Wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja arudi kwao. Yeye alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, akabaki, akapata kibarua katika gereji Kirinyaga Road.

Mama yake alifariki mwaka 1979. Barua ilimfikia baada ya wiki tano. "Mwaka huo Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa," akasema, "nikafikiri, hata maiti zetu zina taabu ya kurudi." Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Alipofika Korogwe alionyeshwa kaburi lililoota majani. Alikaa hapo hadi jioni.

"Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuwangoje Kenya na Uganda, tuungane," akaniambia. "Wengine husema ingekuwa hasara. Mimi sijui siasa. Lakini pasingekuwa na mpaka wa kufunga." Nikamwuliza kwa nini hakurudi baada ya 1983. Akanitazama. "Kwa nani?" Ndani Argentina walikuwa wamefunga bao, na nyumba nzima ilikuwa inapiga kelele.

Jumapili alfajiri nilimkuta Accra Road, amekuja peke yake kwa matatu. Alinipa bahasha ya fedha za saruji ya kaburi na mfuko wa majani ya chai ya Kericho, vyote vya mpwawe. Alinikumbusha mara tatu kwamba mfuko usiwekwe kwenye buti, kwa kuwa buti za mabasi huingiza maji.

Mpwawe, naye mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akingoja stendi ya Korogwe jioni ile. Hakuangalia bahasha.

"Mzee bado anatembea?"

Nikamwambia anatembea, na kwamba pale Accra Road alinitangulia kuvuka barabara.